Kufundisha Kazi ya Swichibodi kwa Mfano wa Seva ya Nyumbani

Mwalimu afundishaye somo la mawasiliano hukabiliwa na shida moja: simu ni chombo ambacho wanafunzi wote wanakifahamu kwa kukiona, lakini ni wachache waelewao jinsi kinavyofanya kazi. Mtoto hubonyeza namba, mwenzake huitika, basi. Kilicho katikati hakionekani. Katika makala hii tunakusudia kukieleza hicho kilicho katikati, na tumechagua mfano mdogo uwezao kufundishwa katika vipindi viwili: swichibodi inayoendeshwa ndani ya seva ya nyumbani.

Tuanze na maana za maneno. Seva ya nyumbani ni kompyuta ndogo, aghalabu kisanduku chenye diski mbili au nne, kama zile zitengenezwazo na Synology na QNAP. Kazi yake ya asili ni kutunza picha, hati na mafaili mengine ya watu wa nyumba. Swichibodi ni mahali ambapo simu za jengo huunganishwa. Zamani opereta aliketi mbele ya ubao wenye matundu, akachomeka waya ili kumkutanisha mpigaji na mpigiwa. Siku hizi kazi hiyo yaweza kufanywa na programu. Mojawapo iliyo mashuhuri ni Asterisk, iliyoanzishwa mwaka 1999 na Mark Spencer wa Marekani. Kampuni yake changa ilihitaji swichibodi, lakini bei ya mitambo ya dukani ilimshinda; akaandika programu yake mwenyewe, kisha akaitoa bure ili kila atakaye aitumie na kuirekebisha. Iliandikwa kwa ajili ya Linux, na mifumo ya seva tulizozitaja imejengwa juu ya Linux. Ndiyo maana programu hiyo yaweza kuendeshwa humo.

Sasa tutazame kazi yenyewe. Kwanza, kila simu ya nyumbani hujitambulisha kwa swichibodi kwa namba yake ya ndani, tuseme 101 au 102, pamoja na neno lake la siri. Pili, 101 inapoita 102, swichibodi husoma orodha ya maagizo iliyoandikiwa na mwenyewe: liza simu ya 102 kwa sekunde 20, isipopokelewa, mwombe mpigaji aache ujumbe. Tatu, simu ikipokelewa, sauti hugeuzwa kuwa tarakimu. Kwa kanuni ya kawaida iitwayo G.711, sauti hupimwa mara 8,000 kila sekunde, na kila kipimo huchukua baiti moja. Nne, tarakimu hizo hufungwa katika vifurushi vidogo, kwa kawaida 50 kila sekunde, na kupelekwa upande wa pili, ambako hugeuzwa tena kuwa sauti.

Hapa ndipo penye kiini cha somo. Faili huweza kungoja, sauti haiwezi. Picha ikichelewa sekunde tatu kufika katika diski, hakuna adhurikaye. Neno likichelewa hata nusu sekunde, wazungumzaji hukatizana na mazungumzo huharibika. Shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, limependekeza kwamba ucheleweshaji wa upande mmoja usizidi milisekunde 150 ili mazungumzo yaende vizuri. Kumbe kisanduku kilichoundwa kwa kazi inayoweza kungoja kimepewa pia kazi isiyongoja. Seva ikiwa inanakili mafaili mengi wakati watu wanaongea, sauti huweza kukatikakatika. Tena, seva nyingi huzilaza diski zisipotumika, na diski iliyolala huhitaji sekunde kadhaa kuzinduka. Mpigaji anayengojea salamu iliyorekodiwa humo huweza kukutana na kimya, akadhani simu imekatika.

Ili wanafunzi walielewe jambo hili, tunapendekeza mchezo usiohitaji zana zaidi ya karatasi. Wape wanafunzi sita kadi za namba, 101 hadi 106. Mwanafunzi wa saba aketi katikati awe swichibodi, akiwa na orodha ya maagizo. Andika sentensi moja, ikate vipande vya neno moja moja, uvitie namba, kisha 101 avipitishe kwa swichibodi kwenda kwa 104, ambaye atasoma kila kipande papo hapo. Baada ya hapo, mwamuru swichibodi apange pia vitabu kabatini wakati vipande vinapita. Darasa zima litasikia sentensi ikikwama. Uliza sababu kabla ya kuieleza.

Somo la Hisabati nalo lina nafasi yake. Ujumbe wa dakika moja, ukihifadhiwa kwa kanuni tuliyoitaja, huchukua baiti 8,000 mara 60, yaani 480,000. Waache wanafunzi watafute ni saa ngapi za ujumbe zitaenea katika baiti bilioni moja. Watapata zaidi ya 34. Hivyo wataona kwamba katika kutunza ujumbe, seva hii haina shida hata kidogo.

Mwalimu asisahau tahadhari mbili. Umeme ukikatika, seva huzimika pamoja na simu zote zinazoitegemea. Kwa hiyo nyumba yenye mtambo huu haina budi kuwa na njia nyingine ya kuita msaada wakati wa dharura. Pili, swichibodi iliyofunguliwa kwa intaneti yote huwindwa na wezi. Wakigundua neno la siri dhaifu, hupiga simu ghali za nchi za nje, na deni humwangukia mwenye mtambo. Kwa hiyo neno la siri na liwe refu, na simu za nje ziwekewe mipaka.

Mwishoni mwa kipindi cha pili, mwalimu asiridhike na mwanafunzi awezaye kutaja jina la programu. Amwulize hivi: kwa nini kompyuta itunzayo picha vizuri yaweza kushindwa kupitisha maneno mawili ya salamu? Atakayejibu kwa maneno yake mwenyewe ameelewa swichibodi.