Rangi Nyeusi Isiyong'aa: Kutu Kwanza

Upepo wa bahari hapa Kilwa Masoko hadi Lindi hubeba chumvi, na chumvi huzaa kutu. Rangi nyeusi isiyong'aa hupakika nyumbani kwa gharama nafuu na husitiri mabonde madogo ya bodi. Lakini kutu iliyofunikwa huendelea kula bati. Basi oshe gari, kwangua kwa msasa hadi bati safi lionekane, paka praima, kisha rangi tabaka nyembamba, kila moja ikauke. Watoto wakae mbali na thina. TRA ijulishwe rangi mpya. Ukiuza, mweleze mnunuzi palipooza: Mtume (s.a.w.) alimkemea mchuuzi aliyeficha nafaka iliyolowa chini ya kavu.