Ndege wa tope la Port Reitz

Bamvua likijaa Mombasa, aghalabu kwenye saa kumi alasiri, tope la Port Reitz upande wa Changamwe hufunikwa lote. Kitwitwi na sululu waliokuwa wametapakaa wakidona kaa na minyoo hukosa pa kukanyaga, wakasongamana kwenye mafungu machache ya mchanga. Hapo ndipo mhesabu ndege hutega darubini yake. Akija maji yamekupwa, ndege wale wale wametawanyika mbali na nusu yao hawaonekani. Kwa hiyo jedwali la maji ni chombo chake cha kwanza.

Kundi kubwa halihesabiwi mmoja mmoja. Huhesabiwa kumi, jicho likazoea ukubwa wa kumi hao, kisha likapima makumi yaliyobaki.

Nchini Kenya, Makumbusho ya Taifa na watu wa kujitolea wamekuwa wakihesabu ndege wa majini kila Januari tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, sehemu ya hesabu ya kimataifa iliyoanza 1967. Januari imechaguliwa kwa sababu ndege wageni, wanaohama kutoka kaskazini, wametulia. Bado hawajaanza safari ya kurudi kuzaliana. Wengine hutoka Siberia. Mla-kaa, yule mweupe na mweusi mwenye mdomo mnene, hutoka visiwa vya Oman na Ghuba, anakotaga yai lake ndani ya shimo mchangani. Katika hori la Mida, karibu na Watamu, shirika la A Rocha Kenya pia huwanasa ndege kwa nyavu usiku wa giza na kuwavisha pete zenye namba.

Hesabu moja haisemi kitu. Zikirundikana miaka mingi, husema mengi: Oktoba 2024 aina 16 za ndege wa pwani zilipandishwa daraja la hatari duniani, kutokana na hesabu kama hizi.

Changamwe inazihitaji zaidi. Mwaka 1988 mafuta mazito yalimwagika katika hori jirani la Makupa yakaua mikoko, na sasa barabara ya Dongo Kundu inakatiza hori la Mwache. Bila hesabu ya kabla, madhara kwa ndege hubaki maneno matupu.

Januari pekee, hata hivyo, haitoshi. Wakubwa wakiondoka Aprili, wengi wa makinda ya mwaka uliopita hubaki Pwani. Anayehesabu Julai hupata fununu ya jinsi msimu uliotangulia ulivyokuwa huko kaskazini.