Mteremko wa Timau na joto la breki

Lori la tani 30 lililobeba saruji ya kupelekwa Marsabit au Moyale linapotoka Timau kushuka Isiolo, hupoteza kimo cha zaidi ya mita 1,000. Dereva huanza safari akiwa na jaketi, baridi ya Mlima Kenya ikimpiga, na kufika chini amefungua madirisha yote. Katika kushuka huko, uzito wa lori huzalisha nishati ya jouli milioni 294 hivi, inayotosha kuchemsha mitungi zaidi ya 40 ya maji ya lita 20. Nishati haipotei. Upepo na tairi hula sehemu yake. Inayobaki lazima iende mahali.

Dereva akitegemea pedali peke yake, itaishia kwenye breki. Ndani ya gurudumu la lori, brekishuu husukumwa zikasugua dramu ya chuma, na msuguano huo huugeuza mwendo kuwa joto. Kusimamisha lori hilo mara moja kutoka kilomita 80 kwa saa kunatoa jouli milioni 7.4 tu, na dramu hupoa kabla ya kuitwa tena. Mteremko mzima, kabla ya kutoa sehemu ya upepo na tairi, ni sawa na kusimama hivyo mara 40 mfululizo.

Uzito wenyewe huwachanganya wengi. Katika breki moja ya ghafla, uzito unaolisukuma lori mbele ndio huohuo unaoibana tairi kwenye lami, kwa hiyo mshiko huongezeka pamoja na mzigo. Joto halina fidia kama hiyo. Kila tani iliyoongezwa kwenye mzigo huleta joto lake, na dramu ni zilezile.

Zikizidi kupata moto, mambo mawili hutokea. Dramu hutanuka na kuzikimbia brekishuu, na brekishuu zenyewe hupoteza ukali wa kusugua. Mguu unakanyaga, gari linaendelea. Kwenye matatu na pikapu zenye breki za mafuta kuna balaa la tatu: mafuta ya breki ya daraja la DOT 3 yaliyokwisha kunyonya unyevu huweza kuchemka kwenye nyuzi 140 hivi. Mvuke hubonyea, mafuta hayabonyei, na pedali huzama hadi sakafuni. Baadaye, vyuma vikishapoa, fundi huenda akazipima breki asione kasoro yoyote.

Kanuni za usalama barabarani za waziri Michuki, zilizoanza kutekelezwa Februari 2004, zilileta vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa kwa magari ya abiria na ya mizigo. Hatua njema, lakini kifaa hicho hubana mafuta yanayoingia kwenye injini. Mteremkoni anayesukuma ni mvutano wa dunia, na huyo hana kidhibiti.

Kinachomzuia ni injini yenyewe. Gari likiwa ndani ya gia ndogo, magurudumu hulazimika kuizungusha injini, na joto hutokea kwenye egzosi na rejeta badala ya kurundikana kwenye dramu. Injini ya dizeli huzuia kwa unyonge, ndiyo maana malori mengi huongezewa breki ya egzosi. Anayeweka nyutro ili kuokoa mafuta hujinyima msaada huo wote, tena haokoi kitu: injini nyingi za kisasa hukata mafuta kabisa gari likiteremka ndani ya gia, ilhali nyutro hudai mafuta ili injini isizime. Huo ni ubahili wa hasara.

Gia huchaguliwa juu, kabla mteremko haujaanza. Chagua ile ambayo ungepandia kilima hicho, au namba moja chini yake. Ukisubiri lori lishike kasi, huenda gia isikubali kuingia, na hapo umebaki na nyutro usiyoitaka.

Kisha kuna ile tabia ya tanboi kumwagia dramu maji, mvuke mweupe ukifuka kwenye rimu. Chuma cha dramu kikipozwa ghafla huweza kupasuka, na ufa huo hauonekani bila kufungua gurudumu. Egesha kwenye tambarare, tia kuni au mawe chini ya tairi, uziache dramu zipoe zenyewe.

Nawe abiria, ukinusa harufu ya kuungua mkiteremka, au ukisikia injini imenyamaza huku gari likizidi kukimbia, usione haya kumwambia dereva asimame.