Kangomba, Kipimo Kilichogeuka Jina la Biashara

Katika Masasi na Newala hakuna mkulima wa korosho anayehitaji kufasiriwa neno kangomba, lakini mgeni aliyeteremka huko kwa mara ya kwanza hana budi aelezwe kwamba asili yake ni kipimo, yaani bakuli au kopo ambalo mnunuzi wa vichochoroni hulihesabu kuwa ni kilo moja, ilhali aghalabu huingia ndani yake zaidi ya kilo. Biashara hiyo ilipoenea, jina la chombo likahamia kwenye tendo lenyewe, hata leo anayesemwa kuwa anafanya kangomba yamkini hana bakuli wala kopo, ila fedha taslimu za kumpa mkulima mwenye dhiki, mikorosho ingali maua, kwa bei ya dhuluma.

Hila ya ujazo haikuanza na korosho. Watu wa pwani, waliopima nafaka kwa kibaba, kisaga cha vibaba viwili na pishi ya vibaba vinne, waliijua vema, ndiyo maana wakawa na pishi ya mfuto, ile iliyopitishwa kijiti ukingoni hata kilele kikaanguka.

Na kilele si kitu kidogo. Tuchukue chombo cha duara chenye upana wa sentimita 20 na kina cha sentimita 10, tukijaze mpaka korosho zisimame kwa mteremko wa nyuzi 30: kilele peke yake ni kama asilimia 19 ya ujazo wa chombo. Tukipunguza kina kikawa sentimita 5, upana usibadilike, kilele ni kile kile, lakini sasa ni asilimia 38 ya kilichomo chini yake. Basi mnunuzi mjanja hana haja ya chombo kikubwa. Kilicho bapa chamtosha, na akikitikisa kidogo, korosho kwa umbo lake la figo hujipanga, pakapatikana nafasi ya konzi nyingine.

Kilo yenyewe, iliyozaliwa Ufaransa mwaka 1795 kwa uzani wa lita moja ya maji, haina kilele. Tarehe 16 Novemba 2018 wajumbe wa mataifa walikutana Versailles wakaitenga na kipande cha madini kilichoiwakilisha tangu 1889, wakaifunga kwa kanuni ya fizikia isiyobadilika. Juma hilo hilo Serikali ya Tanzania ilitangaza kuzinunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, malori ya jeshi yakaelekea kusini, na neno kangomba likasikika nchi nzima. Katika uhakiki wa wakulima uliofuata hapakuulizwa tena bakuli la mtu huingia kiasi gani. Mwenye korosho nyingi aliulizwa shamba lake liko wapi.