Pumzi Imetulia, Tezi Je?

Mtoto njiti, yaani aliyezaliwa kabla ya wiki 37, mara nyingi huhangaika kwanza na pumzi, kwa kuwa mapafu yake hayajakomaa. Akianza kuvuta hewa vyema, jamaa humshukuru Mwenyezi Mungu na kutamani kurudi nyumbani. Hapo twapenda kuwakumbusha jambo lisiloonekana kwa macho.

Mbele ya koo iko tezi ya thairoidi. Homoni yake huukuza ubongo, huupa mwili joto, na husaidia kuyakomaza mapafu. Mimba ikiwa tumboni, mama humgawia mwanawe homoni hiyo. Akizaliwa mapema, fungu hilo hukatika ilhali tezi yake ingali changa. Ndiyo maana njiti, hasa mwenye shida ya pumzi, huwa na homoni pungufu siku za mwanzo. Wengi hukaa sawa baada ya wiki chache bila ya dawa. Wachache tezi yao haiamki, nao wasipotibiwa mapema akili yao hudhurika maishani.

Kuwatambua kwa kuwatazama ni vigumu, kwani kunyonya kwa uvivu, manjano yasiyokwisha na choo kigumu ni dalili zinazochelewa. Kinachobainisha ni kipimo cha tone la damu kutoka kisiginoni. Kwa njiti, cha siku za kwanza chaweza kukosa kuonyesha kasoro, hivyo madaktari hushauri kirudiwe baina ya wiki ya 2 na ya 4.

Familia ya Hadado iliyompeleka mtoto hospitalini Wajir yaijua tabu ya njia ile. Hata hivyo twawasihi: kabla ya kuondoka wodini, ulizeni kama kipimo kimefanywa, na kitarudiwa lini na wapi, maana si kila hospitali hukifanya. Enyi akina baba, nauli ya safari ya pili ni katika matunzo yaliyo wajibu juu yenu.

Tena, msimpake njiti kitovuni dawa ya ayodini. Ngozi yake nyembamba huifyonza, nayo ikizidi huilemaza tezi. Mama mjamzito na anyonyeshaye, kwa upande wao, huihitaji kwa kiasi; basi chumvi ya jikoni iwe iliyotiwa ayodini.

Dua tuizidishe, na kipimo tusikiache. Mwenyezi Mungu awakuze watoto wetu katika afya. Amin.