Kiwambo Kinachompimia Rubani Nafasi

Aghalabu msafiri aketiye dirishani, aonapo ndege inazungushwa huku na huku kabla ya kutua, hudhani kwamba rubani anautafuta uwanja, ilhali mwongozaji aliyeko ardhini ndiye anayemchelewesha kwa makusudi, ili asimkaribie mno aliyemtangulia. Kwani mabawa huacha nyuma yao vimbunga viwili vya hewa, na ndege ndogo ikiviingia vya ndege kubwa yaweza kupinduliwa. Ndiyo sababu ndege nzito hukaa maili 4 za baharini nyuma ya nzito mwenziwe, na ndogo hukaa mbali zaidi.

Wataalamu wa NASA huko Marekani walikusudia kumkabidhi rubani mwenyewe upimaji huo. Kwa mitambo ya ADS-B kila ndege hutangaza mahali ilipo na mwendo wake takriban mara moja kwa sekunde, na ndege nyingine husikia. Katika mpango huo mwongozaji huamuru mara moja tu: mfuate fulani, kwa sekunde kadha wa kadha. Yaliyobaki hufanywa na kompyuta, nayo humpa rubani kasi ya kushika.

Hesabu hizo, kwa maoni yangu, ndizo sehemu nyepesi. Taabu ni kuamua rubani aonyeshwe nini, naye wakati wa kushuka ameshughulika na redio, magurudumu na mabawa. Katika majaribio ramani yenye alama za ndege jirani iliwekwa kando, na mbele ya rubani, karibu na vipimo avitazamavyo daima, kikawekwa kiwambo kidogo chenye kasi anayotakiwa kushika na ishara ya kuwa amewahi au amechelewa. Hata hivyo, mwaka 2017, ndege tatu zilipojaribiwa katika jimbo la Washington, marubani walilalamika kwamba amri za kasi zilikuwa nyingi mno, na mara nyingine waliambiwa wapunguze, kisha waongeze. Si ajabu: ndege ishukayo haipungui mwendo kwa wepesi, upepo hugeuka, na kila anayemwiga aliyetangulia kwa pupa humwongezea kosa anayemfuata. Basi mtengenezaji hana budi kuiachia kompyuta iyavumilie makosa madogo ndege ikiwa bado mbali, na kuikaza mizani kadiri uwanja unavyokaribia.

Na rubani akiona kasi aliyoamriwa haifai, huikataa na kumwarifu mwongozaji, ambaye dhamana ya kuzitenganisha ndege bado i mikononi mwake.