Kadi ya Posta ya Pella

Kadi ya posta ya zamani yenye picha ya mji wa Pella, jimboni Iowa, Marekani, husomwa pande zote mbili. Mbele ni sura ya mji. Nyuma ni umri wa kadi.

Pella ilianzishwa mwaka 1847 na Mchungaji Hendrik Scholte pamoja na wahamiaji wapatao 800 kutoka Uholanzi. Scholte aliwahi kufungwa huko kwao kwa kujitenga na kanisa lililokuwa chini ya mkono wa serikali, na ugonjwa wa viazi ulikuwa umezidisha dhiki ya watu. Jina la Pella lilitokana na mji wa kale ng'ambo ya Yordani, ambao mapokeo yanautaja kuwa kimbilio la Wakristo wa kwanza. Iowa iliwapa wahamiaji hao udongo mweusi wenye rutuba, wakawa wakulima na wafugaji.

Hadi Machi 1907, sheria ya posta ya Marekani iliruhusu anwani tu nyuma ya kadi, na salamu zikabanwa pembeni mwa picha. Tangu hapo mgongo ukagawanywa kwa mstari: salamu kushoto, anwani na stempu kulia. Miaka ya 1930 na 1940 zilienea kadi za rangi kali, zenye uso wa vinundu vidogo mithili ya kitani. Kidole kikipita juu yake huzitambua. Nyingi zilichapwa na kampuni ya Curt Teich ya Chicago.

Picha nayo ina ushahidi wake. Sherehe za maua ya tulipu zilianza Pella mwaka 1935, na kwa kuwa maua hayakuwa tayari, seremala alichonga ya mbao. Kwa hiyo kadi ya wanawake wenye kofia nyeupe na viatu vya mbao, jamaa ya mitalawanda ya pwani, wakisugua barabara kwa mifagio na maji kabla ya gwaride, ni ya mwaka huo au baadaye. Kinu kirefu cha upepo kilichopo katikati ya mji kilizinduliwa mwaka 2002. Kadi inayokionyesha si ya kale.

Mwenye kadi kama hiyo asibandue stempu wala kuigandisha kadi kwa gundi kwenye albamu. Mhuri wa posta ndio wenye tarehe, na ukipotea, picha hubaki bila mwaka wake.